Usaili wa kuigiza kwa mtu wa Mbeya au Iringa: namna ya kujiandaa kuanzia nyumbani

Nina daftari lenye jalada la bluu ambalo mama yangu anadhani ni la vikoba. Ndani yake nimeandika kila usaili wa kuigiza niliowahi kwenda: tarehe, mahali, nilivaa nini, niliambiwa nini, niliharibu wapi. Mpaka leo ni mara kumi na nne. Kazi nimepata mara tatu, na katika hizo tatu, moja nilipita nyuma ya mhusika mkuu nimebeba ndoo.

Kwa hiyo anayekuandikia hapa si nyota. Ni mtu aliyeshindwa mara nyingi za kutosha kujua wapi pana shimo. Mengi ya makosa yangu yalitokana na kitu kimoja: niliondoka Mbeya nikiwa nimejiandaa kufanana na waigizaji ninaowaona kwenye runinga, badala ya kujiandaa kufanya kazi. Haya hapa ndiyo ningependa mtu angeniambia kabla sijaenda ule wa kwanza.

1. Jua unaitwa kufanya nini

Watu husema tu "kuna odisheni", kana kwamba zote ni moja. Tangazo la biashara linataka sura na sekunde kumi na tano za uchangamfu. Tamthilia ya runinga inataka mtu anayeweza kukariri kurasa nyingi kwa muda mfupi na kuja kazini wiki baada ya wiki. Mchezo wa redio hauhitaji sura yako kabisa. Unahitaji sauti inayobeba picha. Igizo la jukwaani linataka mwili mzima na pumzi ya kufika kiti cha mwisho ukumbini.

Kazi nyingi za runinga na filamu ziko Dar es Salaam, hilo halina ubishi. Lakini usidharau za huku. Redio za mikoani hutafuta sauti. Vyuo vya Mbeya na Iringa huwa na wanafunzi wanaotengeneza filamu fupi bila bajeti, na hapo ndipo unapopata mazoezi ya kamera bure. Halafu kuna maigizo ya uhamasishaji. Njombe, Iringa na Mbeya zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU nchini, kwa hiyo kazi za elimu ya afya ni nyingi huku, na baadhi ya mashirika hutumia vikundi vya sanaa kufikisha ujumbe minadani na vijijini. Malipo yake si makubwa. Ila mtu aliyeigiza juu ya gari mbele ya mnada, mbuzi wanalia na wapiga debe wanapiga debe, hawezi kutishwa na meza ya majaji watatu.

Na igizo la Krismasi la kanisani nalo ni kazi. Mimi nilianzia hapo, nikiwa mchungaji wa tatu, mwenye mstari mmoja.

2. Kagua tangazo kabla hujatoa hata shilingi mia

Usaili wangu wa nne haukuwapo. Tangazo lilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: kampuni inatafuta sura mpya Nyanda za Juu Kusini, jisajili kwa elfu thelathini, tuma kwa namba hii. Nilituma. Siku ya usaili tulikuwa vijana kama arobaini tumesimama nje ya ukumbi mmoja hapa mjini, mlinzi anatuambia kwa upole kwamba ukumbi umekodiwa kwa ajili ya send-off. Namba haikupatikana tena.

Tangu siku hiyo nina maswali yangu. Kampuni inaitwa nani, na imesajiliwa? Jina la kampuni au la biashara unaweza kulitafuta kwa mtandao BRELA, wakala wa kusajili biashara. Kazi wanayoitafutia watu inaitwaje, mwongozaji ni nani, amewahi kufanya nini? Wana kibali cha kupiga picha? Bodi ya Filamu ndiyo inayosimamia vibali hivyo chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na mtayarishaji wa kweli hakasiriki ukiuliza. Anayekasirika umeshamjua.

Ada ya fomu, ada ya kitambulisho, ada ya "kukuweka kwenye mfumo": vyote hivyo kwangu ni sababu ya kurudi nyumbani. Mtu anayekutafuta umfanyie kazi anakulipa wewe, halafu mambo yanaendelea.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalisema hasa kwa wadogo zangu wa kike, ingawa wa kiume nao yanawakuta. Usaili haufanyiki chumba cha hoteli usiku, haufanyiki na mtu mmoja peke yake, na hakuna "usaili wa pili wa faragha". Kuombwa ngono ili upewe nafasi ni rushwa kama rushwa nyingine. Sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inalitaja kosa hilo waziwazi, na TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113. Ukienda usaili, mwambie mtu mmoja unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Kama hujafika miaka 18, nenda na mzazi au mlezi, na akae pale pale mlangoni.

3. Picha mbili na karatasi moja

Hapa sitakaa sana. Picha moja ya kifua kwenda juu, moja ya mwili mzima, zote zipigwe mchana, bila vichujio vya simu vinavyokufanya uwe mweupe kama umechomwa na mvuke. Wanataka kujua nani ataingia mlangoni. Dada mmoja tuliyekuwa naye foleni moja alirudishwa kwa sababu aliyekuja hakufanana na picha iliyotumwa.

Karatasi iwe ukurasa mmoja: jina, simu, urefu (kapime zahanati, usikisie), umri unaoweza kuigiza, kazi ulizofanya, na mambo unayoyaweza. Hapo kwenye mambo unayoyaweza ndipo watu wa huku tunapojipunja. Tunaandika "kuimba, kucheza" na kuishia hapo. Unajua Kinyakyusa? Kisafwa? Kihehe, Kibena, Kikinga? Andika. Unaendesha bodaboda barabara ya matope, unakamua ng'ombe, umecheza ngoma ya ipenenga Kyela, unachuma chai? Andika vyote. Mwongozaji akiwa na sini (kipande kimoja cha igizo) ya shambani hataki mtu anayeshika jembe kama anashika maiki.

4. Ukipewa skripti, ivunje kabla hujaikariri

Hii ndiyo hatua niliyochelewa kuijua kuliko zote, kwa hiyo vumilia tukae hapa kidogo.

Mara nyingine skripti inatumwa kwenye simu siku moja kabla. Mara nyingine unaikabidhiwa mlangoni, una dakika kumi na tano. Kwa vyovyote, wengi tunafanya jambo lile lile: tunatafuta mistari yetu, tunaimeza, tunaingia kuitapika. Chukua mfano huu, nimeutunga mwenyewe ili tuufanyie kazi:

*Soko la Mwanjelwa, asubuhi. NEEMA anapanga mikungu ya ndizi. TUMAINI, mdogo wake, anafika.*

TUMAINI: Shikamoo dada.
NEEMA: Marahaba. Umekuja kununua au kukopa?
TUMAINI: Mama anaumwa.
NEEMA: Tangu lini?
TUMAINI: Tangu Jumapili.
NEEMA: Leo Alhamisi.
TUMAINI: Alisema tusikuambie.
NEEMA: *(kwa mteja)* Mkungu huu elfu kumi, mama. *(kwa Tumaini)* Nauli unayo?

Wape sini hii watu ishirini pale foleni. Kumi na nane watapiga kelele au watalia Tumaini akishasema "mama anaumwa". Mikono kichwani, "Mungu wangu!", machozi. Nimekaa foleni nikiwasikia kupitia mlango, mmoja baada ya mwingine, sauti ile ile, na mimi nikaingia nikafanya vilevile.

Sasa soma tena polepole, uulize. Neema anamwonaje mdogo wake akifika? Kama mtu wa kukopa. Kwa hiyo habari ya mama inamkuta akiwa bado na utani mdomoni. Tumaini alipaswa kuja lini? Jumapili. Mstari wa maneno mawili tu, "Leo Alhamisi", ndio wenye mzigo wote: hasira kwamba amefichwa siku nne, hofu kwamba hali ni mbaya, na aibu kwamba mama mwenyewe ndiye aliyesema asiambiwe. Kwa nini mama aliomba asiambiwe? Skripti haisemi. Wewe lazima ujue. Waligombana? Neema ndiye anayelipa ada za wadogo zake, na mama hakutaka afunge biashara? Chagua moja, na sauti yako itabadilika bila wewe kuilazimisha.

Halafu mteja. Neema ana habari mbaya kuliko zote za mwaka, na hapo hapo anataja bei. Wasiojua huuruka mstari huo haraka ili wafike kwenye kulia. Anayejua maisha ya sokoni anajua kwamba hapo ndipo mtazamaji atashikwa koo, kwa sababu mama zetu ndivyo walivyo. Biashara haisimami hata msiba ukiingia. Na mstari wa mwisho si "twende". Ni "nauli unayo?" Ameshaamua kwenda, tayari anapiga hesabu.

Kwa hiyo kila skripti mimi huiandikia maswali manne pembeni: ninaongea na nani, nataka nini kwake, nini sitaki akijue, na mikono yangu inafanya nini. Hilo la mwisho lisidharauliwe. Mtu asiye na kazi mikononi huanza kuigiza kwa vidole. Mpe Neema mikungu ya kupanga, hata kama mikungu yenyewe haipo na unapanga hewa.

Kukariri kwenyewe nakufanya kwa kuandika kwa mkono. Naandika mistari ya mwenzangu tu, yangu naacha wazi, kisha nasoma yake na kujibu kwa kinywa. Hiyo inakulazimisha kusikiliza. Anayejua mistari yake tu anasubiri zamu ya kuongea, na kamera huliona hilo mara moja.

Wakikupa sini ya kubuni papo hapo, bila skripti, sheria ni moja: pokea alichokupa mwenzako. Akisema "Daktari, mtoto hapumui!", wewe sasa ni daktari. Nimewahi kumjibu mtu "Mimi si daktari, mimi ni jirani", nikadhani ni kichekesho. Mwenzangu aliganda, sini ikafia hapo, na tukatolewa wote wawili. Bado naona aibu nikimwona mjini.

5. Lafudhi: usiifiche, ila iwe na funguo

Katika usaili wangu wa kwanza nilimwiga mwigizaji mmoja maarufu, mpaka namna yake ya kuvuta maneno. Jaji mmoja, mama mtu mzima, aliniacha nimalize, akasema taratibu: "Huyo uliyemleta tunaye tayari." Kisha akaita namba inayofuata.

Nilikasirika wiki nzima. Lakini alikuwa ametaja ugonjwa wetu. Sisi wa huku tunaamini kuwa kuigiza ni kuongea kama mtu wa Kinondoni. Tunaacha sauti zetu Uyole, tunapanda basi na sauti ya kuazima.

Nifafanue nisieleweke vibaya. Kiswahili sanifu lazima ukiweze, kwa sababu mhusika anaweza kuwa mwanasheria wa Dar au bibi wa Tanga. Kama r na l zinakuchanganya, zifanyie kazi kila siku: "kura" na "kula" si neno moja, na siku ya uchaguzi tofauti yake ni kubwa. "Thamani" ikitoka "samani", msikilizaji anaona makochi. "Dhambi" isiwe "zambi". Mazoezi yake ni yale ya utotoni: "Wale wana wa Liwali wala wali wa Liwali", anza polepole mara tano, kisha ongeza mwendo. Ongeza "Kale kakuku ka kaka kako wapi, kaka?" Soma gazeti kwa sauti dakika kumi, jirekodi, jisikilize. Utajichukia mwanzoni. Kila mtu hujichukia.

Ila ukishaweza sanifu, usiitupe ile ya nyumbani. Kazi yangu ya kwanza yenye maneno niliipata kwa sababu ya shangazi yangu, ambaye anauza chakula stendi. Niliombwa niigize mama ntilie anayemdai mteja. Badala ya kuwaza waigizaji, niliwaza shangazi: namna anavyofuta meza huku anakudai, namna asivyokutazama usoni akitaja deni, na ile "ndaga" yake ya Kinyakyusa anayoitoa ukishalipa, fupi kama mlango unaofungwa. Sikumwigiza Mnyakyusa wa vichekesho, yule wa "gwe, gwe" kila sentensi. Nilimwigiza mtu mmoja ninayemjua. Mwongozaji aliniuliza, "Huyo ulimtoa wapi?" Nikamwambia, "Stendi."

Kwa hiyo zoezi la bure ambalo hakuna chuo kitakachokunyima: kaa Kabwe hapa Mbeya, au Mashine Tatu kama uko Iringa, nusu saa kila wiki, utazame mtu mmoja tu. Anasimamaje akisubiri daladala? Anafanya nini na mikono akidanganya bei? Andika. Anayetaka mafunzo ya darasani, TaSUBa pale Bagamoyo wanafundisha sanaa za maonyesho kwa ngazi ya cheti na stashahada, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya sanaa hizo. Mimi sijasoma huko. Waliosoma nimewaona foleni, wanapumua vizuri kuliko mimi.

Suala la pumzi na koo: asubuhi ya Juni au Julai hapa Mbeya sauti huamka imefungwa. Usiingie kwenye usaili na sauti ya kitandani. Maji ya uvuguvugu, kisha mvumo wa midomo iliyofumbwa, "mmmm", mpaka pua itetemeke, kisha midomo kama injini ya bodaboda, brrr, dakika mbili. Fanyia nje ya chumba cha kulala kama unalala na wadogo zako. Mimi nilirushiwa ndala.

6. Kujirekodi nyumbani

Siku hizi wengi huomba kwanza video, na kwa mtu anayekaa zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar hiyo ni neema. Unashindania nafasi bila kupanda basi. Lakini video mbaya inakutoa kabla hujafungua mdomo, na nyumba zetu zina adui mmoja mkubwa: bati.

Kuanzia Novemba mpaka Aprili au Mei, mvua ikianza juu ya bati huwezi kurekodi hata chafya. Niliwahi kurekodi sini nzuri sana, machozi yamekuja yenyewe, na kwenye video kinachosikika ni kama mtu anamwaga mahindi kwenye karai. Nilirudia saa nne usiku, chumbani kwa rafiki mwenye dari la gypsum, tumetundika mablanketi matatu ukutani kuua mwangwi. Mablanketi ya Mbeya ni mazito. Kwa mara ya kwanza baridi yetu ilinifaa kazini.

Taratibu zangu ni hizi. Simu ilale kwa ulalo, isishikwe na mkono. Iweke juu ya kreti za soda mpaka ifike usawa wa macho yako. Tumia kamera ya nyuma, kwa kawaida ni nzuri kuliko ya mbele. Dirisha liwe mbele yako, nuru ikupige usoni. Likiwa nyuma utaonekana kivuli. Ukuta wa nyuma uwe wa rangi moja, usiwe mweupe pee, kwa sababu simu ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga na sisi wenye ngozi nyeusi tunamezwa. Gusa uso wako kwenye kioo cha simu, ushikilie kidole, mwanga ubaki hapo. Weka simu kwenye hali ya ndege, la sivyo mtu atapiga kuulizia hela ya mchango katikati ya sini.

Nguo zisizo na mistari midogo midogo wala maandishi. Kitenge chenye maua makubwa kitazungumza kuliko wewe.

Atakayekusomea mistari ya mwenzako akae pembeni mwa kamera, karibu kabisa na lenzi, asome kwa sauti ya chini kuliko yako. Mwangalie yeye, usiangalie lenzi. Mdogo wangu alikuwa akinisomea kama mtangazaji wa taarifa ya habari, "MAMA. ANAUMWA.", mpaka nikamwambia ajifanye ananiomba hela. Akaweza papo hapo.

Mwanzoni mwa video jitambulishe: jina, unakotoka, urefu. Geuka kushoto, kulia. Kisha sini. Usiunganishe majaribio saba. Tuma moja, au mawili yaliyo tofauti kweli. Unapotuma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama video ya kawaida inapunguzwa ubora. Faili lipe jina lako na la mhusika, si "VID" na namba ishirini.

7. Ukilazimika kusafiri

Piga hesabu kwanza. Nauli kwenda na kurudi, kulala siku mbili, kula, bajaji za mjini. Kama ni nafasi ya ekstra, yaani wa kupita nyuma bila maneno, usisafiri kutoka huku. Waombe utume video. Kama umeitwa mara ya pili baada ya video, hapo kopa uende.

Fika siku moja kabla. Nasisitiza kwa sababu usaili wangu wa saba nilishuka Mbezi alfajiri baada ya basi la usiku, nikanawa uso chooni stendi, nikaenda moja kwa moja. Kona za Kitonga zilikuwa bado zinazunguka tumboni. Sauti ilitoka kama ya mtu anayeongea ndani ya gunia. Na joto! Nilikuwa na sweta la mtumba la Mwanjelwa nililotoka nalo nyumbani kwenye baridi. Nililoa jasho mpaka picha yangu ya karatasi ikanata mkononi. Anayetoka Iringa ana nafuu, ni kama kilomita 500, lakini naye afike jioni, alale, anywe maji mengi, azoee hewa ile nzito ya pwani.

Beba nakala mbili za karatasi na picha, kalamu, nguo ya kubadilisha isiyong'aa, pawabenki, na chakula. Foleni ya usaili haina huruma. Nimewahi kupewa namba saa moja asubuhi nikaingia saa kumi jioni. Maparachichi mawili na mkate yaliniokoa, na nikapata marafiki.

8. Ndani ya chumba

Foleni ina sumu yake. Kuna watakaokuambia nafasi zimeshagawiwa, ni koneksheni tu, tuko hapa kuuza sura. Pengine ni kweli, pengine si kweli. Kwa vyovyote huwezi kulishughulikia ukiwa foleni. Mimi huweka spika za masikioni bila muziki wowote, ili wadhani sisikii.

Ukiingia, salimia mara moja. Kama mezani kuna mtu mzima, "Shikamooni" moja inatosha kwa wote. Usizunguke kushika mikono ya watu watano. Simama kwenye alama ya gundi sakafuni kama ipo. Jitambulishe kama unavyojitambulisha kwa jirani mpya, bila "naitwa fulani na leo nitawaonyesha kipaji changu". Watakiona.

Ukisahau mstari, usiseme samahani na kucheka. Vuta pumzi, baki ndani ya uhusika, mwangalie mwenzako. Mara nyingi mstari hurudi wenyewe. Usiporudi, omba kuanza upya mara moja tu.

Wakisema "rudia, sasa ufanye kwa hasira kidogo" au "rudia bila kupandisha sauti", hapo kazi ndiyo imeanza. Wanataka kuona kama unaelekezeka. Nimewaona watu wazuri sana wakirudia kile kile kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu nyumbani walifanya mazoezi ya namna moja tu. Kwa hiyo ukiwa nyumbani ifanye sini kwa namna tatu: ukimpenda mwenzako, ukimwogopa, ukimficha kitu.

Na ile "lia!" maarufu. Huku kwetu bado kuna waongozaji wanaopima uwezo kwa machozi. Wapo waigizaji wanaopaka dawa ya kuchua chini ya macho. Nimeona mmoja akikimbizwa bombani, usifanye. Ninachofanya mimi ni kujizuia nisilie. Mtu anayekaza taya, anayemeza mate, anayeangalia pembeni ili machozi yasitoke, anaaminika kuliko anayeyasukuma yatoke. Yakija, sawa. Yasipokuja, umeigiza.

Sini ya kupigwa kofi, kubusiana au kuvua nguo haipaswi kukushtukiza kwenye usaili. Una haki ya kusema, "Hiyo sitaifanya leo, tuizungumzie kwanza." Niliwahi kuisema, sauti ikitetemeka. Nafasi sikupata, usingizi nilipata.

9. Ukitoka

Usiulize "nimepita?" Sema asante, ondoka. Usipige simu kesho yake. Wakikuchagua watakutafuta, wasipokutafuta baada ya wiki mbili, chukulia kwamba imeshapita, endelea na shughuli zako.

Ukipata, soma mkataba kabla ya kusherehekea: unalipwa kwa siku, kwa sini au kwa kipande cha tamthilia, nani analipa nauli na malazi, maana wewe umetoka mbali, na pesa inaingia lini. Kama hakuna karatasi, andika makubaliano kwenye ujumbe wa simu na uombe wajibu "ndiyo".

Kisha daftari. Jioni ile ile, kabla hujamsimulia mtu, maana ukishasimulia unaanza kujipamba. Ukurasa wangu wa mwisho, baada ya usaili wa kumi na nne uliofanyika Iringa, unasema hivi: "Ukumbi baridi. Watu 60 hivi. Sini ya muuguzi. Mikono ilikuwa na kazi, nilikunja shuka. Mstari wa tatu nilimwangalia jaji badala ya mgonjwa. Wamesema watapiga Jumatano."

Leo ni Jumatatu.